Siku Yangu kwenye Meza ya Kugredi Waridi, Naivasha

Saa kumi na moja alfajiri tuko kando ya barabara Karagita, leso mabegani, tukingoja basi la kampuni. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo Februari asubuhi baridi inauma. Wengi wakisikia unafanya kazi ya maua, hudhani unashinda ukinusa waridi. Waje waone! Siku nzima uko wima kwenye sakafu yenye maji, miiba vidoleni.

Saa moja kazi imeanza. Ua linapimwa urefu wa shina, sentimita 40, 50 au 60, linakaguliwa kichwa na majani, linafungwa, linapelekwa chumba cha baridi. Mimi husimamia meza moja. Msimu huu wa Valentine mikono haipumziki.

Saa nne ikatua trela yenye ndoo za waridi jekundu lililofunguka. Ua likifunguka hapa, Uholanzi litafika limekwisha. Mgredi wangu mmoja akamfokea kijana aliyelileta.

"Nyinyi wa grinihausi mnakata mkisinzia?"

"Na nyinyi wa kivulini mnajua nini?"

Maneno haya tunayo kila msimu. Rijekti, yaani ua lililokataliwa, huandikwa kwa jina la bloku, sehemu ya grinihausi lilikokatwa, mvunaji anaitwa ofisini, naye anaamini sisi ndio tumemchongea. Watu wa kampuni moja hawasalimiani.

Nilichoka nayo. Nikaomba ruhusa, nikamchukua yule mgredi tukafuatana na kijana hadi blokuni. Ndani joto lilitupiga usoni. Ndoo nyingine zilikuwa bado kwenye njia, zimejaa, zikingoja trekta. Kijana akatuonyesha chipukizi ambazo hazijakatwa: zimebana sawasawa. Zilizokatwa asubuhi ndizo zilizofunguka, kwa joto, ndani ya ndoo. Mgredi akazitazama zote mbili, akamgeukia.

"Pole, kaka. Sisi huona tu zikifika."

Tuliporudi nikamweka kijana mezani. Mgredi akampa shina, akamwonyesha vidoa vidogo vya ukungu kwenye petali, vile ambavyo ukiwa na haraka huvioni. Kijana akagredi kidogo, akashika kiuno. "Mama, hii kusimama mnaivumilia vipi?"

Chakula cha mchana kwa kawaida wavunaji hukaa chini ya miti na sisi ndani. Leo yeye na wenzake wawili walikuja na sahani zao za githeri mezani kwetu. Kumbe mmoja anaishi ploti moja na mgredi wangu, wanachota maji mfereji mmoja! Wakaanza kuzungumza habari za kodi, na mama mmoja akawaalika kwenye chama chetu. Hili ndilo ninalolipigania. Mtu unayejua nyumba yake na uzito wa kazi yake humfokei ovyo.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Oda ikaongezwa, ovataimu ikatangazwa, miguu ikavimba ndani ya gambuti. Jioni jioni simu ikalia, ni yule kijana: "Mama, trekta imekwama tena. Nimezitoa ndoo nje, nimezifunika kivulini." Zilipofika, karibu zote zilipita. Zamani asingepiga, nasi tungezitupa huku tukitukana.

Kabla ya kupanda basi nilimfuata meneja. Nataka kila rijekti iandikwe pamoja na saa trela ilipofika, na kila mgredi mpya aanze kwa siku moja grinihausi, na mvunaji mpya mezani. Amesema tuzungumze Jumatatu. Wavunaji wawili wamekubali kuja nami.