Jinsi nilivyotatua tatizo la tumbo kwenye safari ndefu

Kwa miaka mingi, kila safari ndefu ilinifunga choo siku mbili tatu na kunijaza gesi. Dawa za kulainisha choo zilisaidia, lakini nilichoka kuzitegemea.

Sasa ninaanza kujiandaa wiki tatu kabla ya kuondoka. Siku za mwanzo ninakula vijiko viwili tu vya mtindi na kimoja cha kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, kisha ninaongeza polepole. Mara ya kwanza nilimaliza bakuli zima, tumbo likavimba kama ngoma; utumbo unahitaji muda wa kuzoea. Kabichi siipiki, maana moto huua bakteria hai wanaosaidia tumbo, na mtindi ninachagua ule ambao haukupashwa moto baada ya kuganda. Wengi hulipuuza hili, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Siku ya safari sijaribu chakula kigeni. Ninakunywa maji mara kwa mara na kuinuka kutembea kila ninapopata nafasi. Mtindi haumkingi mtu na maji machafu, kwa hiyo huko niendako bado ninakunywa yaliyochemshwa. Safari mbili zilizopita nilipata choo kesho yake asubuhi, bila dawa yoyote.