Siku Nzima na Neno "Mpaka"

Saa kumi na moja alfajiri ninabandika chai na kufungulia redio kwa sauti ya chini. Kazi yangu ni kuandika makala za kimataifa katika chumba cha habari cha redio moja ya Kiswahili hapa Nairobi, na makala ya leo, itakayosomwa baada ya taarifa ya saa moja usiku, inahusu India na China.

Saa kumi na mbili na nusu matatu yetu kutoka Umoja imekwama Barabara ya Jogoo, kama kawaida, nami ninapata nafasi ya kurudia makubaliano ya mwaka 1996, ambayo yanawakataza wanajeshi wa pande zote mbili kufyatua risasi au kutumia baruti ndani ya kilomita 2 kutoka mstari unaowatenganisha. Ndiyo maana usiku wa tarehe 15 Juni 2020, katika bonde la Galwan, walipigana kwa mawe na marungu. Wanajeshi 20 wa India walikufa, na Februari iliyofuata China ikatangaza kwamba ilipoteza 4.

Saa tatu, mkutano wa wahariri. Siasa za hapa nyumbani zinameza muda wote; ninapewa dakika sita.

Kufikia saa tano rasimu yangu imo mikononi mwa mhariri, mzee ambaye husoma akiwa ameshika kalamu nyekundu hata pale asipokusudia kuitumia. Leo ameitumia. Nilikuwa nimeandika "mpaka wenye urefu wa kilomita 3,488", naye akazungushia tarakimu hizo duara.

"Dada, hizi kilomita amezipima nani?"

Amezipima India. China husema ni takriban 2,000. Nilipomweleza hivyo, alicheka, akasema kwamba hata wenye ploti waliogombana Kitengela angalau hukubaliana kuwa bikoni ilikuwepo kabla haijang'olewa. Tukafuta "mpaka" kila mahali na kuandika "mstari wa udhibiti", kwa kuwa tangu vita vya mwaka 1962 kilichopo ni mahali ambapo kila jeshi linadai kufika, na madai hayo hupandana. Eneo la Aksai Chin, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 38,000 hivi, liko chini ya China na India inalidai. Jimbo la Arunachal Pradesh liko chini ya India na China inalidai. Doria mbili zinaweza kukutana, kila moja ikiamini kwa dhati kwamba imo kwake.

Saa saba, chapati na maharagwe kibandani, haraka haraka.

Saa tisa ninaandika sehemu ya ushirikiano, ambayo ndiyo iliyonisumbua zaidi, maana matumaini huandikika kwa urahisi mno. Oktoba 2024 pande hizo zilikubaliana kuhusu doria katika Depsang na Demchok, sehemu mbili za mstari huo, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Modi wa India na Rais Xi wa China wakakutana Kazan, Urusi. Mwaka 2025 mahujaji wa Kihindi waliruhusiwa tena kwenda Kailash, mlima mtakatifu ulioko Tibet upande wa China, na safari za ndege za moja kwa moja, zilizokuwa zimesimama tangu 2020, zikarejea. Biashara kati yao, inayozidi dola bilioni 100 kwa mwaka, haikukatika hata katika miaka mibaya. Kwa maoni yangu, haya yote ni mapatano ya namna ya kuishi na mstari huo. Hakuna hata moja linalosema unapita wapi. Mhariri aliniachia sentensi hiyo, jambo ambalo si la kila siku.

Saa moja na robo usiku msomaji anaingia hewani. Anaanza vizuri, "mstari wa udhibiti" mara mbili, kisha katika aya ya tatu ulimi unamponyoka: "mpaka wa India na China". Upande wa pili wa kioo fundi mitambo ananitazama, nami ninamwashiria aendelee.