Visima Usivyofukua Wewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Kumbukumbu la Torati 6:10–12. Israeli hawajavuka bado, na Musa anawaambia wanakwenda kupewa miji "usiyoijenga wewe" na visima "usivyofukua wewe". Wakishiba, wasimsahau Bwana. Angalieni, Musa hakusema nchi ile ni pori tupu. Alisema ina visima, na kisima kina mchimbaji.

Nimelisoma nikiwaza kaburi moja huko Marietta, mji mdogo wa Ohio, Marekani. Amelala hapo mwasisi wa mji, Jenerali Rufus Putnam, mwanajeshi wa vita vya Marekani vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1738, akafiwa na baba angali mdogo, na baba wa kambo hakuona faida ya shule. Mtoto akawa anawahudumia wageni waliolala pale nyumbani; visenti alivyopewa akanunulia baruti, akawinda ndege, akawauza, akajipatia kitabu cha kusomea. Hapo ndipo ninapompenda, kuliko kwenye vita vyake vyote.

Kusoma huko kulizaa matunda. Machi 1776 udongo wa Dorchester, jirani na Boston, ulikuwa umeganda kwa baridi, hauchimbiki. Putnam akashauri ngome ya fremu za mbao zilizojazwa matita ya fito, ikasimama usiku mmoja. Kabla mwezi haujaisha Waingereza walikuwa wamekwisha kuhama Boston.

Tarehe 7 Aprili 1788 kundi lake la wanaume 48 likateremka penye mlango wa mto Muskingum, Marietta ikaanza. Mwaka 1802, katika kuandika katiba ya Ohio, alisimama upande wa waliokataa utumwa.

Sasa rudini makaburini. Katikati kuna kilima cha udongo, kama mita 9 kwenda juu, na handaki limekizunguka. Wenyeji wa kale walikijenga kwa ajili ya maiti wao, karne nyingi kabla ya Putnam. Yeye na wenzake walikikuta, wakakitenga kisiharibiwe. Alipofariki mwaka 1824 alizikwa jirani nacho. Jiwe lake lina jina. Kilima hakina jina la mtu hata mmoja.

Na hao ni wa kale tu. Washawnee, Wadelaware na Wawyandot, makabila ya wenyeji, walikuwapo hai, wakipigania nchi yao, hadi mkataba wa 1795 ulipowanyang'anya sehemu kubwa. Sisemi Putnam asiheshimiwe. Ila neno "mwasisi" hunikwama kidogo kooni.

Kanisani kwetu jiwe la msingi lina jina la mgeni rasmi, aliyekuja siku moja akakata utepe. Mama aliyebeba maji ya kuchanganyia zege yupo, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza kisima kilikuwa wapi. Jumapili nitakwenda kukaa naye.