Nimerudi Gazi na kukuta mikoko ikilipia maji

Katika miaka niliyofanya kazi Muscat niliwahi kuingia nyumba za kale zilizoezekwa kwa boriti, yaani nguzo za mikoko, za mwambao wetu, vyumba vyake vikiwa vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa mti, si matakwa ya mwenye nyumba. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Hata hivyo, hapa Gazi, Kwale, madhara makubwa yalikuwa yamekwisha kufanyika: katika miaka ya 1970 mikoko ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na mahali palipoachwa wazi chumvi ilipanda juu ya tope, hata mbegu zilizoletwa na maji zikashindwa kushika.

Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ilianza kupanda upya mwaka 1991, na tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, vikiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo miti huinyonya na kuihifadhi, na kutumia mapato kwa maji ya bomba, vitabu vya shule na mahitaji mengine yanayokubaliwa barazani. Shangazi yangu, aliyekata kuni katika mikoko hiyo kama wanawake wote wa rika lake, alinipeleka mwenyewe. Nikamuuliza, "Sasa mnapikia nini, shangazi?" Akanijibu, "Mvinje, baba. Tumeupanda wenyewe." Mvinje ni mti mwingine, si wa jamii ya mikoko.

Kwa maoni yangu, jibu hilo lina uzito kuliko sherehe zote za kupanda miche. Msitu haulindwi kwa makatazo ikiwa mlinzi wake hana kuni. Na upandaji wenyewe una ujuzi wake, kwani kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hukaa mbele kuelekea bahari, mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa pale ambapo maji hufika wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na mchu huvumilia upande wa bahari na wa nchi kavu. Shangazi alichukua mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoota ingali mtini, akaididimiza kiasi kwenye tope, ncha chini, kisha akaitikisa kuona kama imeshika. Wageni wanaokuja kupiga picha huichomeka popote palipo wazi, hata kwenye kichanga ambacho mikoko haijawahi kuota, na mawimbi huizoa.

Lipo jambo linalonisumbua. Mikoko ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932, kijiji kinautunza kwa makubaliano tu, mradi una muda wa miaka 20, na bei ya kaboni hupangwa mbali na Gazi. Zaidi ya hayo, watu bado wanahitaji fito na pau za kujengea, na sehemu moja ikifungwa kabisa shoka huhamia nyingine. Ndiyo maana nafurahi kwamba watu wa Vanga, pia Kwale, nao wameanzisha mradi wao, wenye eneo kubwa zaidi, ingawa naona mpango wa usimamizi unapaswa kutaja wazi ni korija (mafungu ya miti ishirini) ngapi zinaweza kuvunwa, wapi, na nani atahesabu. Mimi mwenyewe najenga banda la uani. Fundi anataka pau za mkandaa, akisema mvinje huliwa na mchwa, na nilipomwambia tutaupaka dawa alinyamaza tu na kuendelea kupima.