Kumbukumbu ya jikoni: mtindi unalipa, mkate nimeuweka kando

Mradi wenyewe ni mdogo: kupunguza vitu vya dukani tunavyonunua karibu kila siku hapa kwetu Mabatini, Mwanza. Mpaka sasa mtindi ndio unaoubeba.

Maziwa nachukua kwa kijana wa baiskeli anayepita asubuhi na madumu. Jioni nayachemsha vizuri, nayaacha yapoe hadi kidole kivumilie bila kuungua, nyuzi 43 hivi, kisha nakoroga vijiko viwili vya mtindi wa jana kwa kila lita. Sufuria naifunika, naizungushia blanketi na kuitia kwenye kikapu. Usiku wa hapa hupoa, kwa hiyo blanketi si urembo. Alfajiri umeganda. Lita moja ya maziwa inatoa lita moja ya mtindi, na mkaa umetumika mara moja tu. Dukani, pakiti ya nusu lita inakaribia bei ya lita nzima ya maziwa mabichi.

Mama mkwe, Msukuma wa Magu, ananicheka na kipimajoto changu. Kwao maziwa yanagandia kwenye kibuyu, basi. Namkubalia, ila kibuyu kukisafisha kunataka mtu aliyekulia nacho.

Siagi ya karanga inalipa kidogo. Kazi iko kwenye kuchambua: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu natupa, maana sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016, ingawa kule ilikuwa kwenye mahindi. Nikikaanga napepeta maganda, napeleka mashineni, naongeza chumvi tu.

Mkate? Mkaa unaookea mkate mmoja ungeivisha sufuria ya maharage. Nanunua.

Ndiyo maana sasa naangalia vya kukaushwa, kwa sababu jua halina bei. Viazi vitamu vikishuka bei nitajaribu michembe: unamenya, unakata vipande vyembamba, unaanika vibichi mpaka vikauke kabisa, vinakaa miezi. Matobolwa ni vile vya kuchemsha kwanza, kwa hiyo mkaa unarudi palepale. Jiwe kubwa nyuma ya nyumba linashika joto vizuri, lakini jirani ana mbuzi. Nimeshawaambia vijana wanipigie kichanja kirefu.