Mgeni akija kanisani, kaa naye

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro. Huku kwetu nyumba zinaota kila siku, na kila Jumapili kuna sura mpya: mtumishi aliyehamishwa kikazi kutoka Mbeya, binti aliyetoka Singida kuja kufanya kazi za ndani, familia iliyochoka kupanga mjini ikahamia kwenye nyumba yao hata kabla haijapigwa rangi. Nilipokabidhiwa mapokezi ya wageni, utaratibu ulikuwa ule unaojulikana karibu kila mahali. Wakati wa matangazo mgeni anaombwa asimame, ataje jina lake, usharika anaotoka na mchungaji wake, kisha anapigiwa makofi na kuimbiwa pambio. Ibada ikiisha, anashika njia yake.

Nilianza kwa kuwauliza wageni wenyewe. Nilikuwa nawasubiri nje baada ya ibada, wakati mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka unaendelea, watu wakigombea mkungu wa ndizi na jogoo, maana pale kila mtu anacheka na maneno yanatoka kwa urahisi. Watu wazima wengi waliniambia wanapenda kusimama. Kubeba salamu za usharika wako ni heshima, na mtu aliyetumwa salamu anataka azifikishe. Vijana, na wote waliokuja peke yao, walisema mengine. Binti mmoja alisema hakusikia hata somo la kwanza, alikuwa anawaza atasema nini akisimamishwa. Kaka mmoja ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu amalize kipaimara aliniuliza, "Mama, mimi mchungaji wangu ningemtaja nani?" Swali lake liliniuma sana. Mtu amepiga moyo konde kurudi nyumbani kwa Mungu, na sisi jambo la kwanza tunamtaka aeleze alikuwa wapi.

Nikalipeleka suala hilo kwenye baraza la wazee. Hatukufuta salamu. Tulikubaliana mwenye salamu aseme mlangoni ili aitwe kwa jina, na wengine wote wakaribishwe kwa pamoja wakiwa wamekaa, na kwaya iwaimbie vilevile. Mzee mmoja alipinga. Alisema mgeni asiposimama hatutamfahamu, ataingia na kutoka kama hewa. Hoja yake ilikuwa na uzito, na ndiyo iliyotufikisha kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote: kila mgeni awe na mtu mmoja wa kukaa naye benchi moja, tangu mlangoni mpaka mnada.

Kuwapata watu hao hakukuwa kazi rahisi. Wa kwanza kujitolea walikuwa wasemaji hodari, na hao niliwaomba wabaki kwenye matangazo. Nilitafuta watu wapole, wenye jicho la kuona. Mmoja ni mama anayeuza mihogo jirani na kituo cha daladala. Yeye humtambua mgeni kabla hajafika mlangoni, kwa namna anavyopunguza mwendo na kuangalia wengine wanaingilia wapi. Siku moja nilikuwa karibu nikamsikia na binti aliyekuja na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu sana. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Basi tukae wote. Tukae huku pembeni, mtoto akilia unatoka bila kuruka magoti ya watu."

Hakumuuliza dhehebu wala anakoishi. Alimfungulia kitabu cha nyimbo, akawa anamwonyesha namba kwa kidole. Jambo hili linaonekana dogo kwa sisi tuliokulia humu. Mtu aliyelelewa na Tenzi za Rohoni anaweza kuujua wimbo wote kwa moyo, lakini kitabu chetu kina namba zake, na liturgia ikianza mchungaji anaimba, watu wanamjibu, na mgeni amebaki mdomo wazi. Kidole cha jirani kinamwokoa.

Kisha kuna sadaka. Kwetu zinatolewa zaidi ya moja, na watu hutoka benchi baada ya benchi kwenda mbele. Mgeni aliyekuja na noti moja ameshaitoa, mara anasikia nyingine inatangazwa na benchi lote linainuka. Mwenzake humnong'oneza mapema: "Hii ya bahasha ni ahadi za washarika, wewe kaa tu, usiwe na wasiwasi." Siku ya Chakula cha Bwana ni vivyo hivyo. Anaelezwa kabla kwamba wapo wanaobaki wamekaa, na kwamba jirani yake atabaki naye au atarudi hapohapo. Mtu akiachwa peke yake kwenye benchi tupu, macho yote yanamwangukia yeye.

Wasimamizi wa mlango niliwaomba pia wapokee salamu ya mgeni kama alivyoileta. Akisema "Tumsifu Yesu Kristo", aitikiwe "Milele, amina", asisahihishwe kwamba hapa tunasema "Bwana Yesu asifiwe". Na dada akija na suruali asirushiwe kanga mlangoni. Hilo la kanga lilileta maneno. Wapo akina mama ninaowaheshimu ambao hawakubaliani nami mpaka leo. Mimi nasema aingie kwanza, alisikie Neno, na mengine atayaona mwenyewe kwa kukaa nasi.

Palikuwa pia na viti vya mbele. Akija kiongozi wa serikali au mtu mwenye gari kubwa, hakukosa wa kumpeleka mbele, wakati kijana wa bodaboda alielekezwa kwenye viti vya plastiki nje chini ya turubai. Yakobo sura ya pili inalisema jambo hili waziwazi, la mwenye pete ya dhahabu na maskini mwenye mavazi mabovu. Tuliisoma kwenye kikao cha wazee, tukajadiliana, tukakubaliana viti vya ndani vijazwe kwa kufuata nani kawahi. Mgeni rasmi wa harambee ana siku yake, na siku hiyo inajulikana.

Kilichobadilisha mambo zaidi, hata hivyo, ni namba ya simu. Wageni wengi walikuwa wanakwepa daftari la wageni, na walipofunguka wakaniambia sababu: ukiandika namba, wiki hiyohiyo unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, na ujumbe wa kwanza ni mchango wa ujenzi. Tukaamua namba za wageni zikae kwa watu wawili tu, zisiende kwa kamati yoyote ya michango. Tunamwambia mgeni hivyo mdomoni kabla hajashika kalamu. Daftari sasa linajaa.

Jumanne jioni napiga simu. Naongea kwa ufupi: tumefurahi kumwona, amefikaje nyumbani, kuna jambo angependa tumwombee? Akiniambia mtaa anaokaa, namtajia jumuiya iliyo karibu, yaani kikundi cha washarika majirani wanaosali pamoja nyumbani, na mwenyeji wake humpitia Jumamosi asubuhi waende wote. Kumwelekeza tu hakutoshi, watu wachache sana wana ujasiri wa kubisha hodi nyumba wasiyoijua. Akiniambia anasali Moravian au Katoliki na alikuwa amemtembelea dada yake, nafurahi naye, namtakia baraka kanisani kwake, nafunga ukurasa. Sipigi tena kumvuta.

Wanaorudi tunawapa jembe, kama wahenga walivyosema, na si lazima wangoje cheti cha uhamisho. Kupanga viti, kusaidia watoto wa Sunday School, kubeba vitu vya mnada. Yule kaka wa kipaimara aliomba kushughulikia vipaza sauti, kumbe ndiyo kazi yake mjini. Sasa yuko kwenye darasa la wanaorejea kundini.

Ibada ya pili bado inatushinda. Watu ni wengi, wa ibada ya kwanza wanatoka huku wengine wanaingia, na mgeni anapotea katikati. Nimeomba vijana wanne wasimame getini badala ya mlangoni, wawahi watu kabla msongamano haujawameza, na mama wa mihogo ndiye anayewafundisha.