Kiwanja kwanza, tofali baadaye

Mvua zikianza Dar, mawazo yangu yanakwenda Mbagala, Tandale na Manzese. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016, watoto wameongezeka kuliko madarasa, na shule nyingi za huko zinasomesha kwa zamu, asubuhi na mchana. Kiwango cha darasa la msingi ni watoto 45. Kwamba shule mpya inahitajika, hakuna anayebisha. Ugomvi wote uko kwenye ardhi.

Mtaa uliojengwa kiholela hauna kiwanja kilichobaki. Kuna kununua nyumba za watu na kuzibomoa, au kupandisha ghorofa kwenye eneo la shule iliyopo. Mimi naunga mkono ghorofa pale udongo unapokubali, kwa sababu haimhamishi mtu. Lakini upimaji wa udongo ufanyike kabla ya kuchora, maana maeneo ya mabondeni maji yako karibu sana na msingi utameza fedha zote.

Njia ya kutwaa nyumba ndiyo inayokwama zaidi. Mthamini anapopita, mwenye nyumba anasimama mbele ya jengo lake anapigwa picha, fomu inajazwa, mwenyekiti wa mtaa anashuhudia. Mbali na thamani ya ardhi na jengo, sheria inampa posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, na nauli ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Watu wengi hawaambiwi haya, wanasaini kimya kimya. Kisha inatokea kwamba mwenye jina alishafariki, nyumba ni ya urithi, ndugu ni saba na hakuna msimamizi wa mirathi. Hapo hundi ya fidia haitoki. Familia inapaswa kukaa kikao, kuandika muhtasari, kwenda mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo, na kusubiri muda wa tangazo la mirathi uishe. Nyumba moja ya namna hiyo katikati ya eneo inasimamisha shule nzima, na uthamini ukipita miaka 2 bila malipo unarudiwa upya. Ndiyo maana orodha ya nyumba za mirathi ingefaa iandaliwe na serikali ya mtaa kabla mthamini hajaitwa. Inaniuma kuona watoto wakisubiri karatasi ambayo ingeanza kushughulikiwa mapema.

Jambo jingine: mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa hautoshi. Eneo lipimwe, lionekane kwenye mchoro wa mipangomiji kama eneo la shule, na hati iwe ya halmashauri. Bila hivyo, baada ya miaka michache atajitokeza mtu na karatasi zake.

Ujenzi wenyewe una mitego yake. Wananchi wakichanga, wanaharakisha boma, yaani kuta bila paa, lifike kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ili halmashauri imalizie. Nia ni njema, ila boma lililoanza bila ramani ya mhandisi wa halmashauri linaweza kukataliwa, au likalazimika kuvunjwa upande mmoja. Kwenye tofali, mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hivi za inchi 6. Anayefyatua 50 anauza mchanga. Zimwagiliwe maji angalau siku 7. Tofali likisimamishwa, mita moja ya mraba inakula kama 10. Likilazwa, kama 13, kwa hiyo muulizeni fundi mapema analaza au anasimamisha. Mchanga wa pwani wenye chumvi msiuguse, unakula nondo.

Kamati ya mapokezi nayo isihesabu "tripu". Lori likifika, kokoto zisawazishwe kwa koleo, bodi ya lori ipimwe kwa futi kamba: urefu mita 4, upana 2, kina 0.6 ni mita za ujazo 4.8, na hiyo ndiyo iandikwe kwenye hati ya mapokezi kabla dereva hajamwaga. Fundi alipwe kwa hatua: msingi, jamvi (sakafu ya zege), lenta, kenchi (mbao za kubeba paa).

Vyoo viingie kwenye bajeti ya siku ya kwanza, tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Vikiachwa mwisho, fedha zinakuwa zimeisha, wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, hawapitishi, na shule isiyo na usajili haipati ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka.